Gari la Zamani Halipati Mafuta: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa Kuanzia Tangini

Hadithi hurudi ile ile. Gari linazima njiani, linaishiwa nguvu mlimani, au asubuhi linapigwa stata mpaka betri inanyong'onyea. Mwenye gari anafungua kabureta, anaisafisha, anairudisha. Gari linatembea siku mbili, tatizo linarudi. Ananunua pampu. Bado.

Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hufunguliwa kwanza kwa sababu moja tu: ukiinua boneti, ndiyo inayokutazama. Lakini petroli inapofika hapo imeshapita tangi, chujio la ndani, mabomba, mipira, filta na pampu. Kosa linaweza kuwa popote katika safari hiyo, na mara nyingi liko nyuma. Kwa hiyo hapa tutaanzia tangini na kufuata mafuta kuja mbele, huku tukipima kila kituo. Hakuna spea inayonunuliwa kabla kipimo hakijasema.

Sehemu kubwa ya mwongozo ni ya magari ya kabureta. Mwenye gari la injekta, linalonyunyizia petroli kwa presha bila kabureta, asome hatua ya 2 hadi 5, kisha aruke hadi sehemu ya injekta karibu na mwisho.

## Vifaa

- Kizimamoto cha unga kikavu, kiwe karibu na mkono wako, si ndani ya buti
- Miwani ya kazi na glovu zisizoyeyuka kwa petroli
- Chupa ya kioo safi yenye mdomo mpana, na chombo chenye alama za mililita
- Mpira wa mafuta mpya, kama mita 2, wa kipenyo kinacholingana na mabomba ya gari lako
- Klipu mpya za mipira
- Bisibisi, spana na koleo
- Geji ya presha ya chini, ya psi 0 hadi 15 (psi ni kipimo cha presha). Ya injekta iwe ya psi 100
- Multimita kwa wenye pampu ya umeme
- Filta mpya ya mafuta. Hii ndiyo spea pekee ninayoruhusu inunuliwe mapema, maana utaihitaji hata kama siyo mkosaji

## Kabla ya kugusa chochote

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupotelei juu, unashuka, unatambaa sakafuni na kutulia kwenye shimo la gereji, ukisubiri cheche. Na petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo usijidanganye kwamba asubuhi ya ubaridi ni salama. Fanya kazi nje, injini ikiwa imepoa. Hakuna sigara, na taa iwe ya betri, si balbu ya waya inayoweza kupasuka. Toa waya hasi wa betri kila unapofungua bomba, isipokuwa pale kipimo kinapohitaji umeme.

Usinyonye petroli kwa mdomo. Najua wengi hufanya hivyo na kutema mate kana kwamba ni maji ya chumvi. Tone likiingia mapafuni linaunguza huko ndani. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali. Pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta ipo, na inafanya kazi vizuri zaidi.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba kweli ni mafuta

Koili iliyochoka na kondensa mbovu, vipuri vya umeme wa plagi, huiga ukosefu wa mafuta vizuri sana: gari likipata moto linazima, likipoa linawaka. Watu wengi wamebadilisha pampu ilhali mgonjwa alikuwa koili.

Fanya kipimo hiki papo hapo gari linapozima, si baada ya saa nzima. Zima swichi. Toa mfuniko wa filta ya hewa, inama kwa upande, tazama ndani ya koo la kabureta, kisha vuta kwa mkono kile kijiti kinachovutwa na kebo ya akselereta. Utaona uzi mwembamba wa petroli ukiruka kutoka kwenye kijibomba kidogo na kugonga ukuta wa koo, na harufu itakufikia mara moja. Vuta tena, uzi utoke tena.

Uzi ukitoka imara, bakuli la kabureta, yaani kihifadhi chake kidogo cha petroli, lina mafuta. Geukia umeme wa plagi kwanza: koili, kondensa, platini. Usipotoka kitu, au kikitoka kitone kimoja tu cha mwisho, mafuta hayafiki. Endelea na hatua ya 2.

Kama unashuku kwamba pampu ndogo ya akselereta, ile inayorusha uzi huo, ndiyo imekufa, tia petroli kidogo kwenye koo kwa bomba la sindano, mililita 5 zinatosha. Rudisha mfuniko wa filta ya hewa, weka chupa ya petroli mbali, ndipo upige stata. Injini ikiwaka sekunde chache na kuzima, jibu limepatikana: inataka kuwaka, haina cha kuchoma.

Onyo: usimimine petroli kabureta ikiwa wazi huku mwenzako anapiga stata. Injini ikirudisha moto juu, unaungua wewe uliyeinama.

## Hatua ya 2: Jiulize linazima lini

Namna gari linavyozima inakuonyesha pa kuanzia.

Likitembea vizuri dakika 15 au 20 kisha likazima, na ukifungua mfuniko wa tangi unasikia hewa ikivutwa ndani kwa kishindo, tangi halipumui.

Likizima ukienda kasi au ukipanda mlima, ukingoja dakika chache likawaka kama halijawahi kuugua, shuku uchafu tangini. Pampu inavuta takataka hadi kwenye chujio la ndani ya tangi, zinaziba. Injini ikizima mvuto unakoma, takataka zinashuka chini, njia inafunguka. Kosa hili huwachanganya hata mafundi wazoefu, maana kila kinachopimwa gari likiwa limesimama kinaonekana kizima.

Likitembea vizuri ukikanyaga mafuta lakini linazima ukiachia, huo si ukosefu wa mafuta kutoka tangini. Ni njia ndogo ya kabureta iliyoziba, soleno ya kukata mafuta (vali ndogo ya umeme kwenye kabureta), au hewa inayoingia chini ya kabureta. Nenda hatua ya 8.

Moshi mweusi, harufu kali ya petroli na plagi zilizolowa ni kinyume cha tatizo letu: mafuta yanazidi. Hilo pia ni la hatua ya 8, lakini pima presha ya pampu kwanza.

## Hatua ya 3: Tangi

Anza na swali linaloonekana la kitoto: je, mafuta yamo? Floti (boya) ya geji kwenye tangi la zamani hukwama au hutoboka, na mshale unaendelea kuonyesha robo tangi ilhali ndani ni mvuke. Usiuamini. Ongeza lita 5 kabla ya kufungua boliti yoyote.

Kisha endesha gari mfuniko wa tangi ukiwa umelegezwa nusu, kwa mwendo mfupi na tangi likiwa halijajaa hadi juu. Tatizo likipotea, tundu la kupumulia limeziba, ama kwenye mfuniko wenyewe ama kwenye mpira mwembamba wa kupumulia. Lisafishe au badilisha mfuniko kwa wa aina ile ile. Mfuniko usio na tundu ukifungwa kwenye gari linalopumulia mfunikoni, umejiletea ugonjwa upya.

Sasa chukua sampuli. Toa petroli kutoka chini kabisa ya tangi, kwenye nati ya kumwagia kama ipo, na ujaze chupa ya kioo nusu. Iache itulie dakika 10, halafu itazame kwenye mwanga.

Petroli nzima ni angavu. Tabaka lililojitenga chini ni maji. Unga wa kahawia uliotulia ni kutu. Petroli iliyokolea rangi na kunuka kama vanishi imechacha. Ndivyo inavyokuwa gari likilala miezi mingi. Ukikuta lolote kati ya hayo, tangi lishushwe, lioshwe, na chujio la ndani likaguliwe kabla hujaendelea. Kubadilisha filta peke yake juu ya tangi lenye kutu ni kupiga deki huku bomba likivuja.

Onyo: usilichomelee wala kulikata tangi lililowahi kuwa na petroli, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Kazi hiyo ina wenyewe.

## Hatua ya 4: Mipira na mabomba upande wa kuvuta

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo soma polepole.

Gari lenye pampu ya injini, yaani inayosukumwa na injini yenyewe na si umeme, lina pande mbili. Kutoka tangi hadi pampu, mafuta yanavutwa. Kutoka pampu hadi kabureta, yanasukumwa. Upande wa kusukumwa ukitoboka, petroli inadondoka na pua inakuambia. Upande wa kuvutwa ukiwa na ufa, hakuna kinachodondoka. Hewa ndiyo inayoingia, maana kwa pampu ni rahisi kuvuta hewa kuliko kuvuta petroli. Utalala chini ya gari na tochi, utaona pamekauka, utatangaza mipira ni mizima, na utakuwa umekosea.

Kwa hiyo usikague kwa macho peke yake. Kunja kila mpira kwa vidole. Ukionyesha nyufa mahali unapopinda, ukiwa mgumu kama mti, au ukiwa laini na wenye kunata, toa. Angalia hasa mipira mifupi juu ya tangi na ile inayounganisha bomba la chuma na pampu. Watu huisahau kwa kuwa ni mifupi.

Mpira unaweza pia kuharibika kwa ndani huku nje unang'aa. Ngozi ya ndani huachana na kuwa kama mlango: pampu ikivuta kwa nguvu, mlango unajifunga. Petroli yenye ethanoli huharakisha hali hii kwa mipira ya kizamani, ambayo haikutengenezwa kwa mafuta hayo. Ukinunua mipya, tafuta maandishi ya SAE J30R9 ubavuni. Huo unahimili ethanoli na presha kubwa kuliko utakayohitaji.

Mabomba ya chuma yakague pale yanapobanwa na klipu za bodi, maana ndipo maji hukaa na kutu huanza. Tazama pia kama jeki iliwahi kulibana bomba na kulifanya bapa.

Ukitaka kupuliza bomba kwa hewa ya kompresa, lifungue ncha zote mbili kwanza. Ukipuliza kuelekea tangini bila kufungua, unaweza kuling'oa chujio. Ukipuliza kuelekea pampu, unapasua dayafremu, utando wa ndani ya pampu.

Ukifanikiwa: mipira yote inapinda bila nyufa, klipu zimekaza bila kukata mpira, na hewa inapita kwenye kila bomba bila kikwazo.

## Hatua ya 5: Filta

Badilisha, na uhakikishe mshale ubavuni unaelekea injini. Kisha ikate ile ya zamani, imwage kwenye kitambaa cheupe, usome kilichomo. Unga wa kahawia unakurudisha tangini. Vipande vyeusi vya mpira vinakurudisha kwenye mipira.

Jambo moja la kuwatuliza wengi: filta ya plastiki angavu kuwa nusu tu ya mafuta si ugonjwa. Kwenye magari mengi ya kabureta ndivyo inavyokaa. Kinachotakiwa kukushtua ni mapovu yanayopita mfululizo bila kukoma.

## Hatua ya 6: Pima pampu

Pampu inahukumiwa kwa vitu viwili, wingi na presha. Inaweza kuwa na presha nzuri na bado isilete mafuta ya kutosha, ndiyo maana tunaanza na wingi.

Wingi. Toa mpira unaoingia kwenye kabureta, uongeze kwa mpira mpya hadi kwenye chombo chenye alama, kikiwa mbali na injini. Ondoa waya mwembamba wa koili ili plagi zisitoe cheche. Piga stata sekunde 15, pumzika dakika moja ili stata isiungue, piga tena sekunde 15.

Usitazame ujazo tu, tazama namna petroli inavyotoka. Pampu nzima hutema kwa mapigo: pu, pu, pu, kila pigo limejaa na linagonga chini ya chombo. Pampu inayovuta hewa hutema pigo moja, inakohoa povu, inatema nusu. Ukiona povu, rudi hatua ya 4. Kwa sekunde hizo 30 tarajia robo lita au zaidi. Kitabu cha gari lako kikitaja kiasi kingine, fuata kitabu.

Presha. Unganisha geji kati ya pampu na kabureta, washa injini. Pampu nyingi za magari ya kabureta hutoa kati ya psi 3 na 6. Ikiwa chini ya 2, injini italia njaa mlimani. Ikizidi 7, sindano ya floti itasukumwa na kabureta itafurika. Ndiyo maana kufunga pampu ya umeme yenye nguvu zaidi kwa kudhani nguvu ni dawa huishia kwenye moshi mweusi.

Kipimo cha kutenganisha pampu na tangi. Matokeo yakiwa mabaya, kabla ya kuilaumu pampu, ifungie mpira mpya upande wa kuvuta na uuzamishe kwenye chombo cha chuma chenye lita moja ya petroli safi, kikiwa chini na mbali na ekzosi. Rudia kipimo. Pampu ikitema vizuri, ni nzima. Kosa liko nyuma yake. Ikiendelea kukohoa, ni yenyewe. Ningeulizwa nibaki na kipimo kimoja tu katika mwongozo huu, ningebaki na hiki. Usiendeshe gari barabarani likiwa limefungwa hivyo.

Kabla ya kuibadilisha pampu ya injini, vuta kijiti cha oili na ukinuse. Dayafremu ikipasuka, petroli hushuka ndani ya oili. Kiwango kinapanda na oili inakuwa nyepesi. Usiiendeshe injini na oili hiyo. Badilisha oili na filta yake pamoja na pampu.

Unapofunga mpya, rudisha kile kipande kinene cha kuzuia joto kati ya pampu na injini, chenye unene ule ule. Gasketi zikiongezwa, mkono wa pampu unapungukiwa na mwendo na mafuta yanapungua. Kipande kikiachwa, mkono unasukumwa kupita kiasi na unaweza kuvunjika.

Pampu ya umeme. Pima volti kwenye nguzo zake ikiwa inazunguka. Ikiwa chini ya betri kwa zaidi ya volti 1, pampu inanyimwa umeme. Kagua ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) kwanza: weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya pampu. Ukisoma zaidi ya volti 0.3, safisha boliti ya ethi hadi chuma king'ae. Kisha fyuzi, relei, na kwenye baadhi ya magari swichi ya usalama inayokata pampu gari likigongwa. Swichi hiyo huweza kujikata hata kwa kishindo cha shimo. Ina kitufe cha kubonyeza kuirudisha.

## Hatua ya 7: Joto

Kama vipimo vyote ni vizuri gari likiwa baridi lakini linazima kwenye foleni mchana, petroli inachemka bombani na pampu inabaki kusukuma mvuke. Tafuta mahali bomba linapokaribia ekzosi. Lisogeze, au livishe soksi ya kuzuia joto. Rudisha bati la kinga kama fundi wa zamani alilitupa. Wapo wanaobana bomba kwa vibanio vya nguo vya mbao. Havidhuru, lakini sijaona sababu ya kuvitegemea.

## Hatua ya 8: Sasa fungua kabureta

Umefika hapa ukiwa na uhakika kwamba petroli safi ya kutosha inafika mlangoni. Kazi iliyobaki ni ndogo.

1. Washa swichi bila kupiga stata na usikilize soleno ya kukata mafuta, kama ipo. Inatakiwa kugonga "tak" moja. Isipogonga huku waya wake una volti 12, imekufa.
2. Fungua kifuniko cha bakuli. Tope la kahawia chini yake lina maana hukumaliza kazi ya tangi.
3. Toa floti na uitikise sikioni. Ukisikia kimiminika ndani, imetoboka na inazama, badilisha.
4. Tazama ncha ya sindano ya floti. Mfereji uliochimbika kuizunguka unatosha kufurisha kabureta. Badilisha sindano na kiti chake kwa pamoja.
5. Safisha jeti (vitundu vinavyopima petroli) kwa dawa ya kabureta na hewa. Usichokonoe kwa waya. Jeti hupimwa kwa sehemu za milimita, na mkwaruzo mmoja unabadilisha kipimo.
6. Rekebisha kimo cha floti kwa namba ya kitabu, si kwa jicho.

## Kwa magari ya injekta

Mantiki ni ile ile, hatari ni kubwa zaidi. Mabomba haya hubaki na presha hata injini ikizima. Kabla ya kufungua, toa fyuzi au relei ya pampu injini ikiwa inanguruma, iache izime yenyewe, kisha piga stata sekunde chache. Zungushia kitambaa kabla ya kulegeza nati.

Ukiwasha swichi, pampu isikike tangini kama sekunde 2 kisha inyamaze. Presha ya magari mengi yenye injekta kwa kila silinda ni psi 35 hadi 45, lakini mifumo inatofautiana sana, kwa hiyo pata namba ya gari lako. Ukizima, mshale usianguke ghafla.

Vuta mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye regyuleta, kidhibiti cha presha ya mafuta. Ukikuta petroli ndani yake, dayafremu ya regyuleta imepasuka na injini inakunywa mafuta kupitia huko. Na usifunge mpira wa kabureta kwenye mfumo huu hata kwa safari ya kufika gereji. Utapasuka juu ya injini yenye moto.

## Baada ya kurudisha kila kitu

Washa injini, iache ingurume dakika 5, na upitishe kitambaa kikavu kwenye kila kiungo ulichogusa. Unyevu wowote ukionekana, zima na ukaze. Kisha endesha dakika 30, ukiweka mlima mmoja na mwendo mmoja wa kasi, maana gari lililosimama haliwezi kuonyesha ugonjwa wa chujio la tangi.

Baada ya wiki mbili fungua filta mpya na uimwage tena kwenye kitambaa cheupe. Ikitoa unga wa kahawia, tangi bado linamwaga kutu: lishushe tena, na safari hii fikiria kuliweka tangi jingine.